Paka ana kansa: fedha ya kwanza iende wapi?

Mtu wa Lubumbashi akisema paka wake ana kansa, majibu anayopata ni mawili. Jirani mmoja atamwambia kansa ya mnyama haina dawa, amwache tu. Mwingine atamwambia dawa ipo, lakini ni ya matajiri wenye dola za kutupa. Wote wawili wanaongea kana kwamba kansa ni ugonjwa mmoja wenye bei moja. Kumbe kuna kansa ya paka inayoisha kwa kukatwa kipande cha sikio. Kuna inayotulia miaka miwili na zaidi kwa vidonge anavyopewa nyumbani. Na kuna ambayo hata ukiuza kiwanja utanunua majuma machache tu, tena ya maumivu. Kabla ya kuhesabu fedha, inabidi kujua uko mbele ya ipi.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Uvimbe ni kitu chochote kilichovimba: jipu la paka aliyeng'atwa na mwenzake usiku, mafuta yaliyojikusanya chini ya ngozi, damu iliyovilia, au kansa. Kansa ni seli za mwili wenyewe zilizoacha kufuata mpangilio. Zinaongezeka bila kukoma, zinapenya katika nyama ya jirani, na baadhi yake husafiri kwa damu au kwa limfu hadi kwenye tezi, ini au mapafu. Safari hiyo ndiyo inayoitwa kusambaa. Kansa nyingine haina uvimbe wa kushikika hata kidogo: utumbo unanenepa polepole, na wewe unachoona nje ni paka anayekonda.

Halafu kuna maneno matatu ya upande wa tiba. Kupona ni kansa kuondoka isirudi. Kutulia ni kansa kurudi nyuma, paka akala, akaruka juu ya kiti chake, huku ukijua ugonjwa bado upo. Faraja ni kumwondolea maumivu na kichefuchefu bila kuigusa kansa yenyewe. Yote matatu ni tiba halali. Shida huja mtu anapolipa bei ya kupona na kupewa faraja, au anapokata tamaa kwa kansa ambayo ingepona. Kwa hiyo ukiwa mbele ya veterinere, yaani daktari wa wanyama, swali la kwanza ni hili: "Daktari, kati ya kupona, kutulia na faraja, hapa ninalipia nini?"

Jina la ugonjwa kwanza

Hakuna anayenunua pistoni kabla fundi hajafungua injini. Kwa paka, watu hufanya hivyo kila siku: antibiotiki juma la kwanza, sindano ya kupunguza uvimbe juma la pili, dawa ya minyoo, vitamini, tena antibiotiki. Ukijumlisha risiti za miezi miwili ya kubahatisha, mara nyingi zinapita gharama ya kipimo ambacho kingetoa jibu siku ya kwanza. Na katika miezi hiyo miwili uvimbe haukukaa ukisubiri.

Kipimo cha bei nafuu kuliko vyote ni kuchoma uvimbe kwa sindano nyembamba na kutazama seli kwenye darubini. Veterinere huchukua sindano ya kipimo cha 22 au 23 na bomba la mililita 5. Anaushika uvimbe kati ya vidole viwili, anaingiza sindano, anavuta bomba kidogo, anabadilisha mwelekeo mara tatu au nne bila kutoka nje, kisha anaachia mvuto kabla ya kuchomoa. Anatenga sindano na bomba, anavuta hewa, anarudisha sindano, anapuliza tone juu ya kioo na kulivuta kwa kioo cha pili hadi litandazike jembamba. Kioo kinakaushwa kwa hewa, kisha kinapakwa rangi ya Giemsa, ileile ambayo maabara za mji hutumia kutafuta malaria. Paka wengi hawahitaji hata kulazwa usingizi kwa jambo hili.

Yako mambo machache yanayoharibu kipimo, na ni vizuri mwenye paka ayajue. Daktari akichomoa sindano huku bado anavuta, seli zote hupanda ndani ya bomba na kioo kinabaki kitupu. Tone likiachwa nene, seli hulaliana na hakuna kinachosomeka. Kosa linalosahaulika kuliko yote ni kusafirisha vioo katika mfuko mmoja na chupa ya formoli, dawa ya kuhifadhi nyama isioze: mvuke wa formoli huharibu seli, rangi haishiki, na kazi yote inarudiwa kwa fedha yako.

Sindano haijibu kila swali. Ikishindwa, kinakatwa kipande cha nyama na kupelekwa kwa mtaalamu wa kusoma tishu. Kipande hicho kinatiwa katika formoli ya asilimia 10, na formoli iwe mara kumi ya ujazo wa nyama. Kisizidi sentimita 1 kwa unene, la sivyo formoli haifiki katikati na katikati inaoza. Kisigandishwe kwenye friza. Chupa iwe na mdomo mpana, maana nyama iliyoingia laini hutoka ngumu. Lubumbashi ina bahati katika hili: Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya wanyama, kwa hiyo veterinere mjini humu ana mahali pa kuuliza nani asome kioo chake au kipande chake. Mwombe aulize.

Wengi huogopa hapa, kwa sababu imesemwa miaka mingi kwamba sindano au kisu "vinaamsha kansa". Imani hiyo ina chanzo chake. Watu wameona uvimbe ukikatwa, ukarudi mkubwa kuliko mwanzo. Kilichotokea ni kwamba ulikatwa juu juu, bila kuondoa nyama inayouzunguka, na seli zilizobaki zikaendelea na kazi yao. Kuchoma uvimbe wa kawaida wa ngozi au wa titi kwa sindano nyembamba hakuibadilishi kansa. Uvimbe wa kibofu cha mkojo ndio daktari huuchukulia kwa tahadhari, kwa kuwa huko seli zinaweza kufuata njia ya sindano.

Kuna hali moja ambapo unaweza kuruka kipimo cha kwanza bila kujidanganya: uvimbe ambao lazima ukatwe vyovyote vile, kama wa titi. Hapo fedha ya biopsi, yaani ya kukata kipande cha kupima, inabaki mfukoni, na kinachopelekwa kusomwa ni kile kilichotolewa kwenye upasuaji. Lakini kipelekwe kweli. Nyama iliyotupwa kwenye ndoo haitakuambia kama kingo zake zilikuwa safi, bila kansa.

Masikio meupe na jua la kiangazi

Hii ni kansa ya paka ambayo mji wetu ungeweza kuishinda kwa gharama ndogo, na inauma kuona inavyoachwa. Paka mweupe, au mwenye madoa ila masikio na pua yake ni meupe, hana rangi ya kuikinga ngozi yake na jua. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na wakati wa kiangazi, tangu Mei hadi Septemba, mbingu hukaa wazi kutwa nzima. Paka anayelala juu ya ukuta au juu ya mabati hupigwa na jua hilo miaka na miaka.

Mwanzo wake haufanani na kansa. Ukingo wa sikio unakuwa mwekundu, nywele zinapungua, kinatokea kigaga chembamba. Ukikibandua damu kidogo inatoka, kinakauka, kinarudi palepale. Mwenye paka anadhani ni kupigana, au ni upele, na anapaka mafuta ya kila aina. Baada ya miezi, ukingo unaanza kuliwa na kujikunja kama karatasi iliyoungua. Kidonda cha kupigana hupona. Kigaga kinachorudi mahali palepale zaidi ya majuma matatu kwenye sikio jeupe kinahitaji kuonwa na daktari.

Tiba yake ni kukata sehemu ya sikio, au sikio lote la nje, pamoja na sentimita moja ya ngozi nzima. Paka anapoteza sura aliyokuwa nayo, lakini anaendelea kusikia, anakula jioni ileile au kesho yake, na nyuzi zinatolewa baada ya siku 10 hadi 14. Kansa hii husambaa polepole, kwa hiyo ikikatwa mapema, wengi huishi mwaka mmoja na nusu na zaidi, na wengi hawafi kwa sababu yake. Ikiachwa hadi ifike kwenye mfereji wa sikio au mfupa, bei inapanda na matumaini yanashuka. Puani ni vigumu zaidi, kwa sababu hakuna nyama ya ziada ya kukata, ndiyo maana kigaga cha puani kinahitaji haraka kuliko cha sikioni.

Kumkinga paka huyo ni kazi ya kila siku tu: abaki ndani au kivulini tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Krimu za binadamu za kuzuia jua usimpake ovyo. Nyingi zina zinki au salisilati, na paka hulamba kila kilicho juu ya mwili wake.

Matiti: pima kwa rula

Paka jike ana matiti manane, manne kila upande, kuanzia kwapani hadi kwenye nyonga. Kati ya vivimbe kumi vya matiti ya paka, vinane au tisa ni kansa mbaya. Mbwa ana nafuu kidogo katika hili, paka hana. Mara moja kwa mwezi mlaze ubavu na pitisha vidole polepole pande zote mbili. Unatafuta kitu kigumu kama punje ya mchele au mahindi. Ukikipata, usiseme "tuone kama kitakua". Kipime kwa rula siku hiyohiyo, piga picha, andika tarehe, mpeleke.

Rula hiyo ndiyo yenye kusema ukweli wote wa bei na wa muda. Uvimbe uliotolewa kabla haujafika sentimita 2, wengi wa paka hao huishi zaidi ya miaka mitatu. Kati ya 2 na 3, mwaka mmoja hadi miwili. Ukipita sentimita 3, kwa kawaida ni kama miezi sita, hata upasuaji ukienda vizuri. Hakuna dawa ya bei yoyote inayorudisha tofauti hiyo.

Upasuaji wenyewe si kutoa kivimbe peke yake. Daktari anaondoa mstari mzima wa matiti ya upande ule pamoja na tezi ya kwenye nyonga. Ukiambiwa kuna upasuaji wa bei rahisi wa kutoa "kipunje tu", jua kwamba unarudi mezani baada ya miezi kadhaa, na mara ya pili ni ghali zaidi. Pande zote mbili zikiwa na ugonjwa, hufanywa upande mmoja, kisha wa pili baada ya majuma manne hadi sita, ngozi ikishalegea. Kabla ya kisu, fanya radio (eksirei) ya kifua. Ikionyesha madoa mapafuni, basi upasuaji mkubwa hautamsaidia, na umeokoa fedha yako na mateso yake kwa picha moja.

Hapa lazima niseme juu ya sindano na vidonge vya uzazi wa mpango vya binadamu, kama Depo-Provera, ambavyo watu huwapa paka jike wasizae. Homoni hiyo huongeza hatari ya uvimbe wa matiti kwa kiasi kikubwa. Ni njia ya bei rahisi leo inayoleta gharama kubwa baadaye. Paka aliyefungwa uzazi kwa upasuaji kabla ya miezi sita hatari yake ya kansa ya matiti hupungua kwa asilimia 91 hivi, na kabla ya mwaka mmoja kwa asilimia 86. Akishapita miaka miwili, upasuaji huo bado una faida nyingine, lakini kwa kansa ya matiti haumkingi tena.

Na jambo moja linalookoa maisha: paka mdogo, wa mwaka mmoja hivi, ambaye matiti yote yamevimba kwa ghafla ndani ya majuma machache, hasa baada ya sindano ile au katika mimba yake ya kwanza, huenda hana kansa kabisa. Ni matiti yaliyoitikia homoni kupita kiasi. Yanatisha, mengine huwa makubwa kama limau, lakini homoni ikiondolewa hurudi chini. Paka wa namna hiyo asilazwe milele, yaani asiuawe kwa sindano, kabla daktari hajafikiria jambo hili.

Limfoma, vidonge na hesabu ya mwezi

Limfoma ni kansa ya seli nyeupe za damu, na ni miongoni mwa kansa zinazowapata paka mara nyingi zaidi. Katika paka vijana hukaa zaidi kifuani, na mara nyingi nyuma yake kuna virusi vya leukemia ya paka, vinavyopita kwa mate, kwenye bakuli moja la chakula, kwa kulambana, kwa kung'atana. Virusi hivyo havimpati mtu wala mbwa. Kipimo chake cha haraka kinataka matone machache ya damu na dakika kama kumi, na kinafaa kufanywa kabla hujaanza matumizi mengine yoyote. Katika paka wazee limfoma hukaa utumboni: paka anakula lakini anakonda, anatapika mara kwa mara, kinyesi kinalegea.

Ya utumboni ina sura mbili. Yenye seli ndogo huenda polepole. Tiba yake ni prednisolone kila siku pamoja na klorambusili, inayouzwa kwa jina la Leukeran, na paka wengi hutulia miaka miwili au zaidi. Yenye seli kubwa huenda mbio. Hiyo hutaka dawa kadhaa zikipokezana, vinkristini ya mshipani, siklofosfamidi na prednisolone, kwa majuma mengi. Paka sita au saba kati ya kumi huitikia, lakini kwa kawaida unazungumzia miezi, si miaka. Prednisolone peke yake kwa seli kubwa hutoa mwezi mmoja au miwili ya nafuu.

Tazama hesabu ya ile ya seli ndogo, kwa sababu inawezekana kwa familia nyingi zaidi ya wanavyodhani. Paka wa kilo 4 hupewa prednisolone miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo kwa siku mwanzoni. Kwa vidonge vya miligramu 5, hicho ni kidonge kimoja hadi kimoja na nusu hivi kwa siku, na ni dawa ya bei ndogo. Klorambusili ni kidonge kimoja cha miligramu 2 kila siku ya pili, yaani 15 kwa mwezi, na hapo ndipo gharama ilipo. Ongeza kipimo cha damu kila baada ya majuma machache, kwa kuwa klorambusili inaweza kushusha seli za damu. Andika tarakimu hizo tatu kwenye karatasi, uzidishe kwa miezi sita, na utajua kama unaweza kuanza bila kuachia njiani.

Kwenye farmasi angalia jina kwa makini. Prednisone na prednisolone hukaa rafu moja, na muuzaji anaweza kukuambia ni kitu kimoja. Kwa binadamu ni karibu sawa. Kwa paka si sawa: ini lake hubadilisha prednisone kwa shida, na unaweza kumpa majuma mengi bila faida. Tafuta silabi "lo" juu ya boksi. Tazama pia tarehe na muhuri, usinunue vidonge vilivyotolewa kwenye karatasi yake na kufungwa katika gazeti.

Na usianze prednisolone "tuone kama itasaidia" kabla ya kuchukua sampuli. Limfoma hunyauka kwa muda, kipimo kinatoka kisafi, na ikirudi inakuwa imezoea na dawa nyingine zinafanya kazi vibaya zaidi. Kama biopsi ya utumbo imeshindikana kabisa kwa fedha, kuna ngazi ya heshima kabla ya kufika huko: dawa ya minyoo, kubadilisha chakula, na vitamini B12, mikrogramu 250 chini ya ngozi mara moja kwa juma kwa majuma sita. Ampuli ya mikrogramu 1,000 katika mililita 1 hutoa dozi nne, na paka mwenye utumbo mgonjwa mara nyingi ameishiwa B12. Ndipo prednisolone ije, mkijua wewe na daktari mmeacha nini.

Klorambusili hukaa kwenye friji. Umeme ukikatika, iweke katika kisanduku cha baridi chenye barafu iliyofungwa kwa kitambaa, isigusane nayo. Usikivunje kidonge. Kishike kwa glovu, na mama mjamzito asikishike wala asisafishe mchanga wa paka huyo. Nywele za paka hazidondoki kama za binadamu, ila masharubu huweza kutoka. Dozi ya mnyama huwekwa ndogo kwa makusudi: lengo ni siku njema, na paka anayetapika kila siku kwa sababu ya dawa anapaswa kupunguziwa.

Watu hushauri kumpeleka mgonjwa Zambia, maana mpaka wa Kasumbalesa uko karibu, na huko Lusaka kuna shule ya tiba ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Zambia. Kwa upasuaji mgumu wa mara moja, safari hiyo inaweza kufikiriwa, ukiwa na cheti cha afya na cha chanjo ya kichaa cha mbwa, na ukiwa umepiga simu kwanza. Kwa dawa za mshipani za kila juma haifai. Utatumia fedha nyingi kwenye barabara kuliko kwenye tiba.

Mbili za kusema kwa ufupi

Kansa ya mdomoni, chini ya ulimi au kwenye fizi: mate yenye harufu na damu, kutafuna upande mmoja, meno yanayolegea. Wengi hudhani ni jino. Kwa kawaida paka hana zaidi ya miezi miwili au mitatu, na chini ya mmoja kati ya kumi hufika mwaka. Hapa fedha iende moja kwa moja kwenye faraja.

Uvimbe mahali pa sindano ya chanjo: huwapata paka mmoja hadi wanne kati ya 10,000 waliochanjwa. Chukua sampuli ikiwa uvimbe umekaa miezi 3, au umepita sentimita 2, au bado unakua mwezi 1 baada ya sindano. Hii si sababu ya kuacha chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa unaoua watoto. Mwombe daktari achome chini mguuni, si kati ya mabega, ili ikitokea, kuwe na cha kukata.

Dawa za nyumbani zinazoua

Paka anayeumwa huvuta huruma, na huruma hufungua kabati ya dawa. Parasetamoli haina dozi salama kwa paka: kipande cha kidonge kinaharibu damu yake isibebe hewa, ufizi unakuwa wa kahawia, anakufa. Ibuprofeni na diklofenaki huua figo. Meloksikamu ipo ya paka, lakini dozi yake ya kila siku kwa paka wa kilo 4 ni miligramu 0.2 tu, na kidonge cha binadamu cha 7.5 ni zaidi ya mara 37 ya hiyo. Isichanganywe kamwe na prednisolone, tumbo linaweza kutoboka. Sisplatini, dawa ya kansa ya binadamu, hujaza maji mapafuni mwa paka na kumuua. Krimu ya fluorourasili, ambayo mgonjwa wa ngozi katika familia anaweza kuwa nayo, huua paka kwa kulamba tu. Ndugu akikupa dawa yake ya kansa iliyobaki, mshukuru na usimpe paka.

Kwa maumivu, yanayofaa ni buprenofini inayowekwa mdomoni bila kumezwa, au gabapentini, ambayo kapsuli yake ya miligramu 100 hugawanywa kwa paka wa kilo 4 katika sehemu tatu hadi tano na kuchanganywa na samaki. Daktari aandike dozi kwa uzito wa paka, si kwa kukadiria kwa macho.

Kula ni nusu ya tiba. Paka asiyekula siku tatu mfululizo ini lake huanza kujaa mafuta, na anaweza kufa kwa hilo kabla ya kansa. Pasha chakula kidogo, kinuke. Ndakala (dagaa) zilizochemshwa bila chumvi, ini kidogo la kuku, yai lililoiva. Bukari (ugali) peke yake haimshibishi paka, na vitunguu na saumu humharibia damu, kwa hiyo mchuzi wa nyumbani haumfai. Akikataa, mirtazapini ya miligramu 15 ikigawanywa vipande vinane, kimoja kila siku ya pili, huamsha hamu. Mpime kila juma: panda mizani ukiwa umembeba, kisha bila yeye, utoe.

Siku ya kuamua, hisia husema mengi kwa pamoja. Veterinere wa Marekani, Alice Villalobos, alitengeneza njia ya kuhesabu ambayo madaktari wengi hutumia: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema ni nyingi kuliko mbaya. Kila moja ipewe alama 0 hadi 10, na 10 ni hali njema kabisa, hata kwa maumivu. Jumla ikipita 35 kuna sababu ya kuendelea. Ifanye jioni ileile ya kila juma, na wanaoishi na paka huyo, watoto wakubwa wakiwemo, kila mmoja aandike alama zake peke yake. Hesabu pia pumzi akiwa amelala: zaidi ya 30 kwa dakika, kwa siku mbili mfululizo, mpeleke. Akipumua mdomo wazi, mpeleke sasa hivi, hata usiku.

Kumlaza milele kwa sindano ni haki yake pia, na si kushindwa kwa mwenye paka. Daktari humpa kwanza dawa ya usingizi mzito, ndipo ya pili. Uliza kama atafanya hivyo kwa hatua mbili. Kama anataka kutumia ya mwisho peke yake kwa paka aliye macho, tafuta mwingine.

Kuhusu fedha zenyewe, omba devi, yaani makadirio ya gharama, iliyoandikwa katika sehemu tatu: kujua, kutibu, na kufuatilia. Sehemu ya tatu ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayowafanya watu waache dawa katikati. Sema kiwango chako waziwazi tangu mwanzo: "Nina kiasi hiki, daktari, kitatufikisha wapi?" Daktari mwema hataona haya kukujibu, na jibu lake litakuwa bora kuliko mpango mkubwa unaokatika juma la tatu.

Ikiwa paka alikuwa na virusi vya leukemia, waliobaki nyumbani wapimwe, na wapimwe tena baada ya miezi mitatu, hata wakionekana wazima. Mwenye virusi asile bakuli moja na wengine wala asitoke nje kupigana. Virusi vyenyewe haviishi siku nyingi nje ya mwili: osha mabakuli na sanduku la mchanga kwa sabuni, kisha kwa maji ya javeli (dawa ya kung'arisha nguo), suuza vizuri, anika juani. Baada ya hapo, na waliobaki wakiwa wamepimwa salama, unaweza kumpokea paka mwingine, naye akipimwa kabla ya kuvuka kizingiti.